BWANA NA BIBI REBMANN HUKO RABAI, 1846–1875

Kila kitabu cha shule kinachomtaja Johannes Rebmann humtaja kwa siku moja tu, nayo ni tarehe 11 Mei 1848, alipouona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mabwana wa elimu huko Ulaya, hasa Bwana Cooley wa London, walimkatalia kwa miaka mingi, wakidai kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Baadaye ikathibitika kuwa yeye ndiye aliyesema kweli. Habari hiyo ni njema. Lakini mtu huyu alikaa katika pwani yetu muda wa miaka 29, na miaka 15 katika hiyo alikuwa na mkewe. Sisi twaona ni haki kuuliza zile siku nyingine zilipita namna gani, na ni akina nani walioziwezesha kupita.

Rebmann alizaliwa mwaka 1820 mjini Gerlingen, Ujerumani, akasomea kazi yake Basel, kisha akatumwa na chama cha misheni cha Waingereza, CMS. Alifika Mombasa mwaka 1846 ili amsaidie Dr. Krapf, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga. Tarehe 25 Agosti 1846 wote wawili walivipanda vilima vya Rabai wakiwa na homa, wakipokezana punda mmoja. Wazee wa Rabai walikuwa wamekwisha kuwapa ruhusa ya kukaa. Jambo hili lafaa lisisahauliwe: wageni wale hawakuja na askari wala bunduki za kutisha watu. Walipokewa kwa hiari, kama mgeni yeyote apokewavyo, na kwa muda mrefu usalama wao ulikuwa ni neno la wazee.

Mwaka 1851 Rebmann alisafiri hadi Misri, akamwoa Bibi Emma, Mwingereza, akarudi naye Rabai. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya, na mwenzao Erhardt mwaka 1855. Tangu hapo mzigo wa Kisulutini, maana ndilo jina la mahali pale, ukawa juu ya mume na mke.

Maisha yao yalifuata njia ya kwenda Mombasa. Kila kitu kisichopatikana mlimani kilipakiwa mashuani, kikapita mkono wa bahari hadi chini ya vilima, kisha kikapandishwa kichwani mwa wapagazi. Sarafu hazikuwa na kazi kubwa vijijini; mtu alilipa kwa marekani na shanga. Barua zilipitia Unguja kwa jahazi na merikebu, na kabla ya mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, aliyeuliza swali Rabai aliweza kupata jibu la Ulaya baada ya miezi mingi, pengine swali lenyewe limekwisha kufa. Sisi tulalamikao posta ikichelewa siku tatu tungepata taabu sana pale.

Hata hesabu ya siku ilikuwa shida. Wamijikenda, ambao wageni wa zamani waliwaita Wanyika, wana juma la siku nne, na siku ya nne, Jumwa, ndiyo ya kupumzika wasilime. Wamisionari walikuja na juma la siku saba na Jumapili yake. Ukifanya hesabu utaona kwamba siku hizi mbili za mapumziko hukutana mara moja tu katika kila siku 28. Basi Jumapili nyingi kengele ililia watu wakiwa na majembe mkononi, na Jumwa nyingi watu walikuwa na nafasi ya kuzungumza huku mgeni akiwa kazini. Twadhani mtu aliyekaa miaka kumi mahali pale hakukosa kujifunza kwamba Jumwa ndiyo siku ya kuzungumza na watu.

Na kuzungumza ndiko kulikokuwa kazi kubwa ya Rebmann. Alikusanya maneno ya Kiswahili, ya Kirabai na ya Kinyasa. Lugha hii ya tatu itamshangaza msomaji, maana Nyasa ni mbali. Kinyasa kilifika kwetu miguuni mwa watumwa. Mmoja wao, jina lake Salimini, alikuwa ametekwa kwao akauzwa hadi pwani. Tangu mwaka 1853 yeye ndiye aliyekaa na Rebmann akimpa maneno ya nchi yake, moja baada ya moja. Sisi tulio makarani twajua kazi ya kuandika orodha ilivyo. Lakini yule aliyekuwa akiorodheshewa hapa alikuwa akitaja vyombo, miti na jamaa wa kwao ambako hakuwa na ruhusa ya kurudi. Ni vigumu kusema ni nani kati ya wawili hao aliyekuwa mwalimu, ila twaona kwamba si yule mwenye kalamu.

Kuhusu Bibi Emma, taarifa za misheni za zama zile zilikuwa na desturi ya kuandika "Bwana fulani na mkewe", kisha mke asitajwe tena. Aliyepata kuugua homa nyumbani ajua pengo hilo lilivyo. Mgonjwa ataka maji usiku, ataka uji, ataka mtu wa kumwambia ni siku gani leo. Na mume aliyeugua mara kwa mara hangeweza kuandika kamusi kama nyumbani pasingekuwa na mtu. Mwaka 1857 Burton alipita Rabai, akamwomba Rebmann afuatane naye bara, naye akakataa. Mwaka huo huo Wamasai walishambulia, na mume na mke wakalazimika kukaa Unguja kwa muda. Wakarudi. Bibi Emma alifariki mwaka 1866.

Rebmann alibaki miaka 9 zaidi, macho yake yakififia. Tangu 1864 alikuwa na wasaidizi Waafrika waliokombolewa utumwani na kulelewa Nasik, Bara Hindi, miongoni mwao William Jones na George David. Wakristo walikuwa wachache wa kuhesabika. Wa kwanza, Mringe, aliyekuwa kiwete, alibatizwa mwaka 1851 akiwa karibu kufa. Kwa sababu ya uchache huo wako waliosema kwamba mzee yule alipoteza miaka yake. Sisi hatukubali, ingawa twakiri kwamba alikuwa mzito wa kubadili njia. Mwaka 1888 Rabai ilijaa watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, wengi wao asili yao ni nchi za akina Salimini, na mchungaji aliyewapokea alikuwa William Jones. Walikimbilia mahali palipokuwa pamekwisha kujulikana.

Mwaka 1875 Rebmann aliteremka Rabai kwa mara ya mwisho, akiongozwa na kijana Isaac Nyondo, ambaye alisafiri naye hadi Ulaya. Alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Kamusi ya Kinyasa ilichapishwa mwaka 1877, na ile ya Kinyika, aliyoitunga pamoja na Krapf, mwaka 1887. Maneno yake ya Kiswahili yaliingizwa katika kamusi kubwa ya Krapf ya mwaka 1882.

Wanachama ambao babu zao walikuwa Rabai, wawe wenyeji wa kaya au wana wa wale waliokombolewa, wanaombwa wampe katibu majina ya wazee hao na kazi walizofanya, hata kama ni upagazi wa njia ya Mombasa au kuteka maji, ili yaandikwe katika daftari la chama kabla ya mkutano ujao.