Jinsi Kadibodi Inavyofinyangwa Kuwa Sahani na Trei

Kadibodi ni karatasi nene inayotengenezwa kwa nyuzi za miti au karatasi zilizokwishatumika. Viwandani, kipande kimoja bapa cha kadibodi hufinyangwa kuwa sahani, trei au kifungashio kingine chenye kina, bila kuunganishwa kwa gundi.

Plastiki ikipashwa moto hulainika na kuvutika. Kadibodi huvutika kwa asilimia chache tu, kisha huchanika. Kwa sababu hiyo, kipande hicho hupigwa kwanza mistari kwenye pembe ili sehemu inayozidi ijikunje kwa mpangilio. Kisha hukandamizwa kati ya kalibu mbili zenye joto, dume na jike. Joto na unyevu hulainisha nyuzi, shinikizo hubana mikunjo, na kadibodi inapokauka hubaki na umbo jipya.

Unyevu huhitaji kupimwa kwa makini. Kadibodi kavu mno huchanika; ikilowa kupita kiasi, mvuke huweza kutenganisha tabaka zake. Mikunjo isipobanwa sawasawa, kifuniko hakishiki vizuri ukingoni, hewa hupenya na chakula huharibika mapema.

Njia hii hupunguza matumizi ya plastiki, suala lililopewa uzito nchini Tanzania, ambako mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kuanzia Juni 1, 2019. Hata hivyo, trei nyingi za chakula huwekwa utando mwembamba wa plastiki ili kuzuia maji na mafuta, na utando huo hufanya urejelezaji kuwa mgumu. Hivyo, manufaa ya trei ya kadibodi kwa mazingira hutegemea pia kilichopakwa juu yake.