Liguria, Nchi ya Kuta za Mawe

Tukiitazama ramani ya Italia tunaona kaskazini-magharibi ukanda mwembamba wa nchi, umepindika kama upinde, milima mgongoni na bahari miguuni. Ndio mkoa wa Liguria. Eneo lake ni kilometa za mraba 5,400 hivi, na wakaaji wake ni kama milioni moja na nusu, wengi wao pwani. Nchi tambarare karibu haipo, ila vipande vidogo kwenye midomo ya mito. Milima ya Alpi na ya Apenini inakutana humo, na mlima Saccarello unafika meta 2,200.

Mtu atauliza: watu wa nchi kama hiyo wanakula nini? Wengine zamani walijibu kwa merikebu. Mji wa Genova ulikuwa jamhuri ya wafanya biashara, nao walifika mpaka Bahari Nyeusi. Benki yao ya San Giorgio, iliyoanzishwa mwaka 1407, ni mojawapo ya benki za kwanza za Ulaya. Lakini tusisifu yote. Katika bandari yao ya Caffa, kwenye Bahari hiyo Nyeusi, waliuza na kununua watu, kama wengine walivyofanya baadaye katika Afrika. Jamhuri hiyo ilikwisha mwaka 1797, wakati wa Napoleon, na mwaka 1815 nchi ikatiwa chini ya wafalme wa Sardinia.

Mimi nawastaajabia zaidi wale waliobaki mlimani na jembe. Mteremko haulimiki, mvua moja yaondoa udongo wote. Basi, walikata mlima kama ngazi, na kila daraja wakalijengea ukuta wa mawe makavu, bila chokaa wala saruji. Si kwa umaskini tu. Ukuta wa saruji huzuia maji mpaka yakausukuma na kuuangusha. Ukuta wa mawe makavu huyaacha yapite polepole, udongo ukabaki. Nyuma ya ukuta walijaza kokoto, na juu yake udongo, uliobebwa kwa vikapu, wanaume kwa wanawake. Katika vijiji vitano viitwavyo Cinque Terre walipanda mizabibu. Upande wa magharibi, mizeituni. Na kazi hiyo haina mwisho: kila masika mawe kadhaa huanguka, na mwenye shamba hana budi kuyarudisha upesi, kabla pengo halijawa kubwa.

Karne ya 19 watu walianza kuondoka. Wengi walivuka bahari kwenda Argentina, hata mtaa wa La Boca katika Buenos Aires ukajaa watu wa Genova. Mwaka 1869 karakana kubwa ya jeshi la majini ilifunguliwa La Spezia, na mwaka 1874 reli ilikamilika kati ya mji huo na Genova. Mwanamume wa Cinque Terre aliweza sasa kupata mshahara wa mwezi. Nani atamlaumu? Siku hizi fedha ya mkoa inatoka zaidi katika bandari, viwanda vya merikebu na hoteli za wageni, tena katika maua ya upande wa Sanremo. Liguria ni mmoja wa mikoa ya Italia yenye wazee wengi kuliko vijana.

Lakini ukuta usiotunzwa haukai hivyo hivyo. Jiwe moja linatoka, udongo unafuata, kisha daraja la juu linaliangukia la chini. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa mno ilinyesha kwa saa chache. Matope na mawe yaliingia Vernazza na Monterosso, yakajaza maduka na nyumba za chini, na watu walikufa. Si haki kusema kuta peke yake zingalizuia mvua ile; lakini matope yalikuta juu yake mashamba mengi yaliyoachwa.

Baadaye wengine wamerudi kujifunza kazi ya mababu. Mwaka 2018 UNESCO iliuandika ufundi wa kuta za mawe makavu, wa Italia na wa nchi nyingine saba, katika urithi wa wanadamu. Wageni wanaotembea katika njia kuu za Cinque Terre hulipa, na sehemu ya fedha hiyo hutunza njia zenyewe. Njia maarufu ya Riomaggiore mpaka Manarola ilifungwa mwaka 2012, mawe yalipoanguka na kujeruhi wageni. Urefu wake haufiki kilometa moja. Ilifunguliwa yote tena mwaka 2024.