Ndimu na Limau: Mti wa Chunguni na Safari Yake

Katika nyumba nyingi za watu wetu, Maskati, London au Toronto, utakuta karibu na dirisha chungu cha maua chenye mti mfupi wa majani yanayong'aa na miiba mikali. Ukimuuliza mwenye nyumba, atakwambia ni mndimu wa kwetu, Unguja. Akiwepo mgeni mwenye asili ya Batinah, naye atasema mndimu ni wa kwao, na Unguja waliuchukua kwao. Mabishano haya tumeyasikia mara nyingi, na kwa kuwa kila upande una jambo la kweli mkononi, tumeona tuyaandike.

Tuanze na majina. Kiswahili kina maneno mawili pale ambapo lugha nyengine hujikwaa na moja. Ndimu ni ile ndogo ya duara, yenye ganda jembamba. Limau ni lile kubwa lenye chuchu. Neno ndimu limetoka kwenye limu, lililoenea Uajemi na Bara Hindi kwa sura mbalimbali. Lilipoingia ngeli yetu, n ilikutana na l na zikazaa nd, kama vile ulimi unavyozaa ndimi. Neno limau wataalamu hulihusisha na Kireno, limão. Wareno waliishika Maskati kuanzia 1507 hadi 1650, na Mombasa ngome yao ikaangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Wenyewe wakaondoka, neno likabaki jikoni.

Ushahidi ulio mzito zaidi ni wa al-Masudi. Katika Muruj al-Dhahab ameeleza kwamba mti wa naranji, yaani danzi letu, na utruji wa mviringo ililetwa kutoka India baada ya mwaka 300 Hijria, ikapandwa kwanza Oman, kisha ikapelekwa Basra, Iraq na Sham. Huyu si mtu aliyesikia habari za bahari kwa mbali. Mwaka 304 Hijria, sawa na 916 au 917 Miladia, alisafiri kutoka Qanbalu, ambayo wengi huihusisha na Pemba, akarudi Oman kwa jahazi. Basi bandari za Oman zilikuwa zikipokea miche kutoka India ndani ya miaka hiyo hiyo ambayo vyombo vyake vilikuwa vikija pwani yetu. Al-Masudi hataji ndimu, wala sisi hatutamsingizia. Lakini njia ya mti imeonekana.

Na hapa elimu ya vinasaba imeongeza jambo la kufurahisha. Limau ni mtoto wa danzi na utruji. Ndimu nayo ina mama mwengine, mti wa porini wa visiwa vya Ufilipino, lakini baba yake ni utruji pia. Kwa hivyo ndimu na limau ni ndugu wa baba mmoja, na asili yao si Unguja wala Batinah.

Oman iliipa ndimu kazi yake kubwa: kukaushwa. Lumi iliyokaushwa juani hadi ikawa nyeusi ilisafirishwa Ghuba nzima, na Wairaqi wakaiita ndimu ya Basra kwa sababu kwao ilipitia bandari hiyo. (Jina la bandari mara nyingi humeza jina la shamba, tuulize karafuu.) Unguja ndimu ilibaki mbichi: juu ya samaki, ndani ya achari, pembeni ya sahani ya pilau.

Halafu likaja pigo. Katika miaka ya 1970, wakati familia nyingi zilizoondoka Unguja baada ya Januari 1964 zilipokuwa zikirejea Oman, mindimu ya Batinah ilianza kuchipua vijitawi vingi vifupi vyenye majani madogo yaliyopauka, mfano wa ufagio. Ugonjwa huo, ufagio wa wachawi, husababishwa na kijidudu kinachoishi ndani ya mirija ya utomvu. Huenezwa na mdudu mdogo afyonzaye majani, na pia kwa kuunganisha kikonyo cha mti mgonjwa. Mti ulioshikwa hufa ndani ya miaka michache. Mashamba mengi yalikwisha hivyo.

Ndiyo maana tunawasihi wasomaji wasitie kikonyo cha mndimu ndani ya sanduku la safari. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zimekataza kuingiza miche ya jamii hii kutoka nchi nyingi, na kwa haki. Hasara si kubwa, kwani ndimu ina siri: kokwa yake moja huweza kutoa miche miwili au mitatu, na mingi kati yao ni nakala ya mama. Kokwa za ndimu ndogo ya duara iliyonunuliwa dukani huko huko uliko, ikiwa inazo, huweza kukupa mti kama ule. Zioshe, uzipande kabla hazijakauka, katika chungu chenye tundu chini. Mwagia maji udongo wa juu ukishakauka, maana miti mingi ya ndani huuawa na huruma ya mwenyewe, si na kiu. Baridi kali haiiwezi. Weka mahali penye jua, mbali na mashine ya joto. Matunda utayangoja miaka kadhaa.

Al-Masudi aliandika pia kwamba miti ile, ilipotoka India, ilipoteza harufu yake nzuri na rangi yake, kwa kukosa hewa, udongo na maji ya kwao. Wazee wetu husema hivyo hivyo juu ya ndimu ya chunguni, na wajukuu, ambao hawajapata kunusa nyengine, huona imenukia vizuri.

Tunakusanya habari za miti hii. Mwenye mndimu nyumbani na aandike ulipatikana wapi, mwaka gani, na nani aliyeipanda kokwa, atuletee pamoja na picha ya chungu.