Nyoka wa Kadiri ya Nyumba

Wahenga wamesema kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Msemo huu aghalabu hutumiwa kwa tabia: mtu hutahadharishwa asihadaike na udogo wa mwana wa mwovu, kwani yaliyomo kwa mzazi hayakosi kumtokea naye. Lakini kwa wale waliopata kumweka nyoka nyumbani kwa hiari yao, maneno haya yana maana iliyo karibu zaidi na herufi zake. Nyoka auzwaye dukani aghalabu ndiyo kwanza ametoka katika yai. Huenea kiganjani, na mnunuzi humpima kwa jicho la siku ile, ilhali atakayekaa naye ni yule wa miaka mitano, kumi au thelathini ijayo. Historia ya nyoka wa nyumbani, tangu Roma ya kale hadi maduka ya Florida, ni historia ya watu waliokijua kipimo hiki na ya wengine waliokisahau.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki, wazo lenyewe la kumchagua nyoka wa kukaa naye ni geni. Huku kwetu nyoka akionekana ndani huitiwa watu, na watu huja na fimbo. Hata yule nyoka mdogo wa hudhurungi asiye na sumu, aingiaye majumbani kwa kuwafuata panya, hupata adhabu ile ile ya swila. Hofu hii ina sababu zake, na hapana haja ya kuicheka. Hata hivyo, wapo walioishi na nyoka chini ya paa moja kwa karne nyingi, na namna walivyomchagua inafaa kutazamwa.

Mwaka 293 kabla ya Masihi mji wa Roma ulipatwa na tauni. Wakuu wa mji wakapeleka ujumbe Epidauros, katika nchi ya Ugiriki, kwenye hekalu la Asklepio, mungu wa uganga, na ujumbe ukarejea na nyoka aliyehesabiwa kuwa ndiye mungu mwenyewe. Kwa masimulizi ya Warumi, nyoka huyo aliteremka chomboni akaenda kukaa katika kisiwa kilichomo mtoni Tiber, na hapo likajengwa hekalu lililofunguliwa mwaka 291. Kisiwa hicho kina hospitali hata leo. La kuzingatia zaidi ni yaliyofuata. Plinio Mkubwa, aliyefariki katika mlipuko wa mlima Vesuvius mwaka 79 baada ya Masihi, aliandika kuwa nyoka wa asili ile walikuwa wakifugwa hata katika nyumba za watu binafsi, na kwamba lau si mioto kuyateketeza mazao yao, watu wasingeuweza wingi wao. Seneka naye, katika risala yake juu ya hasira, anawataja nyoka watambaao karamuni baina ya vikombe na vifuani mwa watu bila ya kumdhuru yeyote.

Wataalamu wengi wanamtambua nyoka huyo kuwa ni yule ambaye leo huitwa kwa jina la kisayansi Zamenis longissimus. Rangi yake ni ya zeituni, hana sumu, ni hodari wa kupanda miti na kuta, na chakula chake kikubwa ni panya. Urefu wake wa kawaida ni kiasi cha mita moja na nusu, na ni nadra kuzidi mita mbili. Kwa maneno mengine, ni nyoka ambaye mtu mmoja humnyanyua bila ya msaada, ambaye riziki yake imo ndani ya nyumba, na ambaye hata akikasirika hawezi kumuua mtoto. Warumi hawakuacha kitabu cha kumchagulia mtu nyoka, lakini desturi yao ilikwisha kuchagua.

Tena walijua kuwa udogo huo una upande wa pili. Suetonio anasimulia kuwa Kaisari Tiberio, aliyetawala kuanzia mwaka 14 hadi 37, alikuwa na nyoka aliyekuwa akimlisha kwa mkono wake mwenyewe. Siku moja alimkuta ameliwa na siafu, na akaonywa kuwa hiyo ni ishara ya kujihadhari na nguvu ya umma. Kisa hiki hutajwa kwa ajili ya siasa zake. Kwa mfugaji kina funzo jepesi zaidi: nyoka awezaye kufugwa bila ya hatari ni mnyonge, na usalama wake uko mikononi mwa aliyemweka.

Ulaya ilirejea kuwatazama nyoka kwa karibu katika karne ya 19. Mwaka 1849 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya wanyama watambaao, na watu wakapata kusimama mbele ya kioo na kumwangalia swila ana kwa ana. Mwaka 1852 mtunzaji mmoja wa humo alimshika swila kwa mkono, akaumwa, akafa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1882, Catherine Hopley alichapisha kitabu kikubwa juu ya maisha ya nyoka, kikiwa na mengi aliyoyashuhudia katika bustani hiyo. Sumu, basi, ndiyo iliyokuwa mpaka wa kwanza. Kila aliyefikiri alielewa kuwa nyoka mwenye sumu si wa sebuleni. Mpaka wa pili, ule wa ukubwa, ulichelewa kueleweka.

Mwanzoni mwa karne ya 20 nyoka aliyevuma kuliko wote Marekani alikuwa mdogo mno. Theodore Roosevelt alipoingia Ikulu mwaka 1901, binti yake Alice alikuwa na nyoka wa kijani wa majanini aliyempa jina la Emily Spinach: Spinach kwa rangi yake iliyofanana na mchicha, na Emily kwa shangazi aliyekuwa mwembamba kama yeye. Alice alikwenda naye hata kwenye dhifa. Watu walishtuka, magazeti yakaandika, lakini hakuna aliyedhurika. Nyoka wa jamii hiyo kwa kawaida hawafiki mita moja, hukubali kushikwa, na hukaa mkobani.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, umeme uliofika karibu kila nyumba ya Marekani na Ulaya ulimwezesha mtu wa kawaida kumpatia nyoka joto lake mwaka mzima, na jokofu likamwezesha kuweka akiba ya panya waliogandishwa. Ufugaji ukawa mashuhuri. Daktari mmoja wa Georgia, H. Bernard Bechtel, pamoja na mkewe Elizabeth, walimchukua nyoka wa mahindi aliyezaliwa bila ya weusi wa ngozi, wakamzalisha, na mwaka 1962 wakachapisha matokeo yao yaliyoonyesha jinsi weupe ule unavyorithiwa. Nyoka wa mahindi hufika mita moja hadi moja na nusu, ni mpole, na hula vizuri. Lau mambo yangesimama kwake, historia hii ingekuwa fupi na ya heri.

Lakini biashara ilimleta pia chatu wa Burma. Akitoka katika yai huwa na nusu mita tu, ana mabaka mazuri, na ni mtulivu. Ndani ya miaka michache huvuka mita tatu, na jike aliyekomaa aweza kupita mita tano. Baina ya mwaka 1996 na 2006 peke yake waliingizwa Marekani chatu wa namna hiyo wapatao 99,000. Mnunuzi aliuziwa kitoto, akaondoka na kasha la kioo la kadiri ya kitoto. Lilipokuwa halimtoshi tena alinunua kubwa zaidi, kisha akatoa chumba kizima, na mwisho wake wapo waliomchukua usiku wakaenda kumwachia kinamasini.

Florida ya kusini ina joto na maji, na chatu hakukosa kitu. Alionekana huko kabla ya mwaka 1980. Kimbunga Andrew cha Agosti 1992 kilivunja majengo ya wafugaji na wengine wakatoroka. Kufikia mwaka 2000 ilithibitika kuwa wanazaliana wenyewe katika mbuga ya Everglades. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulilinganisha wanyama walioonekana barabarani kabla na baada ya chatu kuenea: rakuni walipungua kwa asilimia 99.3, oposamu kwa asilimia 98.9, na paka mwitu kwa asilimia 87.5. Mwaka 2023 alikamatwa mmoja mwenye urefu wa mita 5.8. Wengi wa wazazi wa kizazi hicho walianza safari yao katika kiganja cha mtu aliyewapenda.

Misiba haikuishia porini. Mwaka 2009, huko huko Florida, mtoto mdogo aliuawa kitandani na chatu wa Burma aliyekuwa akifugwa nyumbani. Mwezi Agosti 2013, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu wa Afrika mwenye zaidi ya mita nne alitoka katika kizimba chake, akapitia njia ya hewa, akawaua ndugu wawili waliokuwa wamelala. Mwaka 2012 Marekani ilikwisha kupiga marufuku kuingiza chatu wa Burma, chatu wa Afrika wa kaskazini na wa kusini, na anakonda wa manjano. Anayejua misitu ya Tanganyika au Msumbiji atalisoma jina la chatu wa kusini bila ya mshangao, kwani ndiye chatu wake, na hajapata kumdhania kuwa ni mnyama wa kitalu.

Wafugaji walihitaji chatu asiyekua hivyo, naye alikwisha kupatikana Afrika ya Magharibi. Wataalamu humwita Python regius, yaani chatu wa kifalme. Akitishwa hajitupi kuuma. Hujikunja kama tufe na kukificha kichwa katikati. Dume hufika kiasi cha mita moja, na jike kwa kawaida haizidi mita moja na nusu. Mwaka 1992, mwaka ule ule wa kimbunga, waliangulia kizuizini kwa mara ya kwanza chatu wa kifalme weupe, na hapo ikafunguka biashara ya rangi. Wafugaji walichanganya nasaba hadi kupata mamia ya sura zisizopatikana porini. Baadhi zilikuja na kasoro: wale wenye mistari myembamba kama ya buibui wengi wao hutikisika kichwa na kupoteza mizani, kwa kuwa rangi na maradhi vimefungana katika urithi mmoja.

Hivyo mwenye nyumba akapata nyoka wa kadiri yake, na gharama ikahamia kwingine. Tangu mwaka 1975 chatu wa kifalme zaidi ya 3,000,000 wamesafirishwa kutoka Afrika ya Magharibi wakiwa hai, wengi wao kutoka Togo, Benin na Ghana. Wawindaji huchimbua mashimo kwa majembe, huchukua majike wenye mimba au waliolalia mayai, na vitoto hupelekwa ng'ambo. Mwaka 2021 nyoka huyu aliwekwa katika daraja la walio karibu kuingia hatarini. Udogo wake, ule uliomwepusha na misiba ya Florida, ndio uliomfanya auzike kuliko chatu wote.

Katika mji wa Ouidah, nchini Benin, chatu huyo huyo anaishi na watu kwa namna nyingine kabisa. Ibada ya Dangbé, roho iliyo katika sura ya chatu, ilikuwapo huko kabla ya mfalme Agaja wa Dahomey kuuteka mji mwaka 1727, na ikasalimika baada yake. Hekalu la chatu linaelekeana na kanisa kuu la Kikatoliki. Nyoka hukaa humo bila ya kasha wala kufuli. Huachiwa watoke kutafuta riziki yao, na mtu akimkuta mmoja nyumbani kwake hamkimbii wala hampigi. Humpokea, kisha humrejesha. Hapa ukubwa wa nyoka unapimwa kwa mji mzima, kwa kuwa mji mzima umekubali kuwa nyumba yake.

Wakaao nje ya Ouidah hawana mji wa namna hiyo, na kwa hivyo hawana budi kupima wenyewe. Nao urefu hautoshi kuwa kipimo. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, aliishi chatu wa kifalme jike aliyekabidhiwa na mtu binafsi mwaka 1961. Mwaka 2020 alitaga mayai saba, akikisiwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, na kwa muda usiopungua miaka 15 hakuwa amekutana na dume. Nyoka wa mita moja na nusu, basi, aweza kuwa mrefu kuliko ndoa, kazi na nyumba ya aliyemnunua.

Ndipo msemo wa wahenga unaporejea na kuwa shauri. Anayetaka kumchagua mtoto wa nyoka na aombe kwanza aonyeshwe mama yake. Akimwona, atajua urefu, unene na hulka ya atakayekaa naye. Na muuzaji asipokuwa na mama wa kumwonyesha, hilo nalo ni jibu: huenda mama huyo alichimbuliwa shimoni, mahali fulani baina ya Accra na Ouidah.