Furaha Iliyozaliwa na Uhaba wa Petroli: Historia ya Gari Dogo la Spoti

Gari dogo la spoti, yaani gari fupi la familia ambalo limeongezewa injini yenye nguvu, breki madhubuti na springi ngumu kuliko za ndugu zake wa kawaida, ni zao la nusu ya pili ya karne ya 20, na jambo la kushangaza katika historia yake ni kwamba wakuu wa viwanda vilivyoyatoa magari ya kwanza ya aina hiyo hawakuamini kwamba yangepata wanunuzi. Kabla ya hapo, mtu wa Ulaya aliyetaka kufurahia uendeshaji alinunua gari la viti viwili lenye paa la turubai, kama yale ya MG na Triumph, ambalo halikumfaa mwenye watoto wala mwenye mizigo, ilhali mwenye kipato cha kawaida alinunua gari dogo la kumfikisha kazini na hakulidai kitu kingine. Waliokuja kuziunganisha haja hizo mbili walikuwa mafundi wachache wakaidi, na mlango walifunguliwa na uhaba wa petroli.

Uhaba huo ulianzia Misri. Julai 1956 Rais Gamal Abdel Nasser aliutaifisha Mfereji wa Suez, na baada ya Uingereza, Ufaransa na Israel kuivamia Misri mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, mfereji ulizibwa kwa meli zilizozamishwa, mafuta ya Mashariki ya Kati yakakosa njia fupi ya kufika Ulaya, na kufikia Desemba serikali ya Uingereza ilikuwa inawagawia wenye magari petroli kwa mgao. Barabara za nchi hiyo zikaanza kujaa vigari vya Kijerumani vyenye magurudumu matatu au manne na injini za pikipiki, kama vile Isetta na Messerschmitt, ambavyo Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya BMC iliyoundwa mwaka 1952 kwa kuunganisha Austin na Morris, alivichukia waziwazi. Lord alimwagiza mhandisi wake, Alec Issigonis, aache kazi nyingine zote atengeneze gari dogo lililo gari kweli, lenye kuchukua watu wazima wanne, kwa sharti moja tu la kiufundi: litumie injini ambayo kampuni ilikuwa nayo tayari.

Issigonis alizaliwa mwaka 1906 Smyrna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, akaukimbia pamoja na wazazi wake mwaka 1922 wakati wa vita vya Wagiriki na Waturuki, na alikuwa ameshajijengea jina kwa gari la Morris Minor la mwaka 1948. Suluhisho lake lilikuwa la kijasiri. Injini, ambayo katika magari mengi ya wakati huo ilikaa kwa urefu ikielekea nyuma, aliilaza kwa upana chini ya boneti. Giaboksi akaiweka chini ya injini hiyo hiyo ili vyote viwili vitumie oili moja. Nguvu akaipeleka kwenye magurudumu ya mbele, hivyo ule mhimili mrefu unaopita chini ya sakafu kwenda nyuma ukawa hauhitajiki tena. Kampuni ya Dunlop ilimtengenezea tairi za inchi 10 tu, ili magurudumu yasile nafasi ya miguu ya abiria, na rafiki yake Alex Moulton akambunia koni za mpira mahali pa springi za chuma. Katika gari lenye urefu wa mita 3 na ushei, zaidi ya nusu ya urefu huo ikawa ya watu. Gari hilo, lililokuja kujulikana kwa jina la Mini, lilizinduliwa tarehe 26 Agosti 1959 kwa bei ya pauni 500 hivi pamoja na kodi, likiwa na vioo vya kusukuma pembeni na milango yenye mifuko mipana kwa ndani.

Hakuna hata kipengele kimoja kati ya hivyo kilichowekwa kwa ajili ya raha ya dereva. Magurudumu yalisogezwa hadi pembe nne za gari ili kuongeza nafasi ndani, lakini kwa kufanya hivyo gari likawa halilali kwenye kona. Koni za mpira zilichaguliwa kwa kuwa ni ndogo, lakini kwa sababu hazibonyei sana, gari likawa linageuka mara tu usukani unapoguswa. Na dereva, akiwa ameketi karibu mno na lami huku usukani umelala mbele yake kama wa basi, aliihisi kasi ya kilomita 80 kwa saa kwa namna ambayo mwenye gari kubwa hakuihisi hata katika kasi ya 120. Magari ya majaribio yalikuwa na injini ya CC 948, yaani sentimita za ujazo 948 ndani ya silinda zake nne, yakawa yanakimbia kupita kiasi ambacho kampuni iliona kinawafaa wateja wake, ndipo injini ikapunguzwa hadi CC 848 na nguvu ya farasi 34. Mini ilianza maisha yake, basi, kwa kupunguzwa mbio.

Aliyezirudisha mbio hizo na kuziongeza ni John Cooper, mtengenezaji wa magari ya mashindano kutoka Surbiton, karibu na London, ambaye magari yake yenye injini nyuma ya dereva yalitwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1959 na 1960 yakiendeshwa na Jack Brabham. Cooper alimfahamu Issigonis kwa muda mrefu, akamshauri watengeneze Mini yenye nguvu zaidi, lakini Issigonis, aliyeamini kwamba ametengeneza gari la wananchi, hakulifurahia wazo hilo. Cooper hakukata tamaa, akapanda ngazi hadi kwa George Harriman, mmoja wa wakubwa wa BMC, ambaye alikubali yatengenezwe magari 1,000, idadi iliyotakiwa ili gari liruhusiwe kushindana kama gari la kawaida la kuuzwa madukani. Mini Cooper ilitoka mwaka 1961 ikiwa na injini ya CC 997, nguvu ya farasi 55, na breki za diski mbele, yaani breki zinazobana kisahani cha chuma kilicho wazi kwa hewa badala ya kutanuka ndani ya dramu iliyofunikwa, ambayo hupata moto haraka na kupoteza nguvu. Mwaka 1963 ikafuata Cooper S, yenye injini ya CC 1071 na nguvu ya farasi 70, ambayo baadaye ilifikishwa CC 1275. Yale magari 1,000 yaliyotiliwa shaka yalizaa maelfu kwa maelfu.

Mashindano ya Monte Carlo, ambayo hufanyika Januari kwenye milima ya kusini mwa Ufaransa yenye theluji na barafu, ndiyo yaliyoonyesha udogo unavyoweza kuwa silaha. Mwaka 1964 Paddy Hopkirk kutoka Ireland Kaskazini, akiwa na msoma ramani wake Henry Liddon, aliondoka Minsk katika Cooper S nyekundu yenye namba 33 EJB na kushinda, huku mpinzani wake wa karibu, Bo Ljungfeldt, akiendesha Ford Falcon ya silinda 8 yenye injini ya zaidi ya lita 4. Ni haki kueleza kwamba Ljungfeldt ndiye aliyekuwa na kasi kubwa zaidi kwenye hatua za mbio, na kwamba hesabu ya pointi ililipunguzia mzigo gari lenye injini ndogo. Lakini kwamba gari la CC 1071 liliweza kulikaribia kiasi kile jitu la namna ile kwenye barabara nyembamba za milimani ni jambo ambalo hesabu ya pointi peke yake haiwezi kulieleza. Timo Mäkinen wa Finland alishinda mwaka uliofuata, na Mfini mwenzake Rauno Aaltonen akashinda mwaka 1967. Mwaka 1966 Mini tatu zilimaliza nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha zikaondolewa kwa madai kwamba balbu za taa zao hazikufuata kanuni, na ushindi akapewa Pauli Toivonen aliyeendesha Citroën. Uamuzi huo uliitangaza Mini duniani kuliko ambavyo ushindi wenyewe ungefanya.

Wafini hao walitumia ufundi ambao unastahili kuelezwa, kwa kuwa ndani yake imo sehemu kubwa ya utamu wa gari la aina hii. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, likiingia kona kwa kasi, lina tabia ya kwenda moja kwa moja kuelekea ukingo wa nje, kwa sababu tairi hizo hizo zinalivuta na kuligeuza kwa wakati mmoja. Dereva wa Kifini aliuacha mguu wa kulia ukikanyaga mafuta, akagusa breki kwa mguu wa kushoto. Magurudumu ya mbele, yakiendelea kusukumwa na injini, hayakuzuilika, lakini yale ya nyuma yalipunguza kushika barabara, mkia wa gari ukasogea nje, na pua ikaelekea ndani ya kona. Kwa gari zito ufundi huo ni wa hatari kwa asiye bingwa. Kwa gari lenye uzito wa kilo 650 hivi, mkia unaosogea hurudishwa kwa mkono mwepesi, na ndiyo maana hata mwenye kujifunza alipata kuonja kitu cha mabingwa.

Mnunuzi wa kawaida aliyeitoa Cooper yake dukani hakuruhusiwa kuionja mara moja. Injini za enzi hizo, ambazo vyuma vyake vilikuwa bado havijalainishana, zilihitaji kuzoeshwa kwa kuendeshwa polepole katika maili 500 za kwanza, sawa na kilomita 800, na desturi ya Uingereza ilikuwa kubandika kikaratasi kwenye kioo cha nyuma kinachoeleza kwamba gari ni jipya na kuwaomba walio nyuma wapite. Ilikuwa subira ya kweli, kupitwa na malori kwa wiki kadhaa ndani ya gari ambalo lingeweza kuwaacha wote. Subira hiyo iliwakabili matajiri na wasio matajiri kwa pamoja, kwa kuwa Mini ilivuka matabaka: wanamuziki wa Beatles waliimiliki, na mwigizaji Peter Sellers aliinakshi yake kwa michoro ya ususi wa vikapu, huku mfanyakazi wa ofisini akiilipia kwa awamu.

Hadithi ilijirudia Ujerumani baada ya uhaba wa pili, ule wa mwaka 1973, ambao pamoja na kuchakaa kwa gari lake la Beetle uliiingiza Volkswagen katika hasara kubwa. Golf, iliyochorwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro, ilitoka mwaka 1974, na wakati huo huo kikundi kidogo cha wafanyakazi, akiwemo mhandisi Alfons Löwenberg na msemaji wa kampuni Anton Konrad, kilikuwa kinaunda toleo la spoti kwa siri, bila idhini ya wakubwa. Golf GTI ilionyeshwa Frankfurt Septemba 1975: CC 1588, nguvu ya farasi 110, na mfumo wa kupulizia petroli kwa kipimo kwenye kila silinda badala ya kabureta, ambao huifanya injini iitike mara tu mguu unapokanyaga. Gunhild Liljequist, mbunifu aliyehusika na vitambaa na rangi, aliipa viti vya mirabamiraba na kishikio cha gia chenye umbo la mpira wa gofu. Kampuni ilipanga kutoa magari 5,000 tu, tena kwa ajili ya kutimiza masharti ya mashindano. Toleo hilo la kwanza liliishia kuzidi 450,000.

Peugeot 205 GTI ya mwaka 1984 ilifuata njia hiyo, na wengi huihesabu kuwa tamu kuliko zote, ingawa ilimwadhibu dereva aliyeondoa mguu kwenye mafuta ghafla katikati ya kona. Furaha hiyo ilikuwa na upande mchungu. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1980, magari haya yaliibwa kwa wingi na vijana waliotaka kuyachezesha usiku mbele ya watazamaji, bima zake zikapanda, na Septemba 1991 mtaa wa Blackbird Leys mjini Oxford uliingia katika ghasia polisi walipojaribu kuukomesha mchezo huo. Mtaa huo upo jirani na kiwanda cha Cowley, ambako Mini za kwanza za Morris zilitengenezwa. Sheria mpya ya mwaka 1992 iliongeza adhabu, na viwanda vikalazimika kufunga vizuia wizi, lakini kwa miaka kadhaa kijana mwenye kazi halali hakuweza tena kulimudu gari ambalo baba yake aliweza.

Katika Afrika Mashariki gari la aina hii limefika hasa kutoka Japani, nchi ambayo, kama Kenya, Tanzania na Uganda, huendesha upande wa kushoto, na limefika likiwa limeshatumika huko, na wanunuzi wengi wa Mombasa na Dar es Salaam hulipokea bandarini. Toyota Starlet ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na toleo la CC 1331 lenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukumia hewa zaidi ndani ya silinda, na kwa nguvu ya farasi 135 katika mwili wa kilo 850 hivi ilikaribia sana lile wazo la asili la gari jepesi lenye injini ndogo. Mrithi wa Starlet, Vitz ya mwaka 1999, naye alikuwa na toleo la spoti la RS, na Vitz hiyo ndiyo iliyoitwa Yaris Ulaya, jina ambalo lilishinda Naivasha mwaka 2021, dereva Sébastien Ogier alipoibuka wa kwanza katika Safari Rally iliyorejea kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19. Ushuru wa Tanzania, unaopanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, na bei ya petroli kwenye vituo vyote vya ukanda huu vinaendelea kulipa gari dogo nafasi yake. Matuta ya barabarani hayalipi: mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam hupelekewa magari haya gereji ili wainue springi kwa vipande vya mpira au chuma, gari lisikwaruze tumbo, na kila sentimita wanayoiongeza hupunguza kidogo utulivu wake kwenye kona, hasara ambayo wenye magari wengi huikubali wakijua wazi wanachokipoteza.