Metro ya Riyadh

Metro ya Riyadh ni mfumo wa reli ya mjini katika Riyadh, mji mkuu wa Saudia. Ina njia 6 zenye urefu wa jumla ya kilomita 176 na vituo 85. Treni zake zinaendeshwa kwa kompyuta, bila dereva.

Historia

Riyadh iko jangwani katikati ya Rasi ya Uarabuni, mbali na bahari. Mwaka 1951 ilifunguliwa reli kati ya mji huo na bandari ya Dammam. Baadaye mapato ya mafuta ya petroli yalikuza mji haraka. Barabara pana zilijengwa, mitaa ikatawanyika, na kwa kuwa petroli ilikuwa rahisi, wakazi walizoea kwenda kila mahali kwa gari. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu takriban milioni 7, na foleni za magari zilikuwa tatizo kubwa.

Mikataba ya ujenzi ilitolewa mwaka 2013 kwa gharama ya zaidi ya dola za Marekani bilioni 22. Kazi ilichelewa kwa miaka kadhaa. Njia tatu za kwanza zilianza kubeba abiria tarehe 1 Desemba 2024, na ya mwisho, Njia ya Machungwa, ilifunguliwa Januari 2025.

Umuhimu wa kiuchumi

Mpango wa taifa unaoitwa Dira ya Saudia 2030, uliotangazwa mwaka 2016, unalenga kupunguza utegemezi wa mafuta. Metro inatarajiwa kusaidia lengo hilo kwa njia kadhaa:

- Njia tatu zinakutana katika Wilaya ya Fedha ya Mfalme Abdullah, na mojawapo inaiunganisha na uwanja wa ndege. Hivyo benki na kampuni hufikiwa kwa urahisi na wageni na wafanyakazi.
- Nauli ya riyal 4 kwa saa mbili inawawezesha wasio na gari, wakiwemo vibarua wa kigeni na wanafunzi, kufika kazini na vyuoni.
- Ardhi iliyo karibu na vituo inaweza kupanda thamani na kuvutia maduka na makazi.
- Mafuta yasiyochomwa mjini yanaweza kuuzwa nje ya nchi.

Changamoto

Wakati wa kiangazi joto hupita sentigredi 40, na kutembea hata nusu kilomita hadi kituoni ni kazi ngumu. Kwa sababu hiyo vituo vina viyoyozi, na mabasi ya mji, yaliyoanza mwaka 2023, huwaleta abiria kutoka mitaani. Nauli ndogo nayo inaifanya serikali iendelee kubeba sehemu ya gharama. Faida ya metro kwa uchumi itategemea kama nyumba na ofisi mpya zitajengwa karibu na vituo, au mji utaendelea kutawanyika jangwani.