Kufungwa si Kuharibika: Historia Fupi ya Istilahi za Sahani za DVD

Kila chombo kigeni kiingiapo nchini huja na mambo mawili: kazi yake na maneno yake. Kazi huonekana mara moja. Maneno huchelewa, na kuchelewa huko kuna gharama. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya sahani za DVD zilizotoka ng'ambo zikakataa kuonyesha picha katika deki zetu, ili wafasiri, walimu na watumishi wa umma waone jinsi upungufu wa istilahi unavyoweza kumfanya mtu atupe mali isiyo na kasoro.

Sahani hizo zilianza kuuzwa Japani mwezi Novemba 1996, zikaingia Marekani mwaka 1997 na Ulaya mwaka 1998. Upana wake ni sentimita 12, sawa na sidii ya muziki. Lakini sidii huchukua megabaiti 700 hivi, ambapo DVD ya tabaka moja huchukua gigabaiti 4.7. Watumiaji wa kwetu hawakungoja jina jipya. Walikuwa na neno deki, walilolitumia kwa mashine ya kanda za video, wakalihamishia kwenye mashine mpya. Na sahani yenyewe wengi wakaendelea kuiita sidii. Hapo hapakuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa katika neno moja lililobebeshwa mzigo mkubwa mno: mbovu. Sahani isiyocheza ilihukumiwa kuwa mbovu, na kesi ikaishia hapo. Kumbe neno hilo lilificha sababu tatu zisizohusiana.

Sababu ya kwanza ni ya kibiashara. Wakati ule filamu nyingi za Marekani zilionyeshwa kwanza katika majumba ya sinema ya huko, kisha zikafika nchi nyingine baada ya miezi kadhaa. Wenye filamu hawakutaka sahani itangulie mahali ambapo sinema haijafika. Basi wakaigawa dunia kwa namba. Marekani na Kanada zilipewa 1. Ulaya ya Magharibi, Japani, Mashariki ya Kati na Afrika ya Kusini 2. Asia ya Kusini-Mashariki 3. Amerika ya Kusini na Australia 4. Urusi, India na sehemu kubwa ya Afrika 5. Na China 6. Namba 7 iliwekwa akiba, na 8 ikawa ya ndege na meli za abiria. Deki ya namba 5 ikipewa sahani ya namba 1 pekee huikataa, hata kama sahani hiyo imetoka kiwandani siku hiyo hiyo.

Mgawanyo huo uliwapitia wasemaji wa Kiswahili katikati. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo katika namba 5, lakini Oman imo katika namba 2. Kwa hiyo sahani iliyonunuliwa Muscat ikapelekwa Unguja kwa jamaa iliweza kukataliwa, ingawa mtumaji na mpokeaji ni watu wa ukoo mmoja na lugha moja. Wala wakubwa hawakusalimika. Mwaka 2009 Rais Barack Obama alimzawadia Gordon Brown, Waziri Mkuu wa Uingereza, sahani 25 za filamu za Kimarekani. Magazeti ya Uingereza yakaripoti kwamba hazikuweza kuchezwa huko kwa sababu ya namba.

Sababu ya pili ni ya kiufundi, na ni ya zamani kuliko DVD. Marekani iliidhinisha mfumo wake wa rangi, NTSC, mwaka 1953, wenye mistari 525. Ujerumani ya Magharibi na Uingereza zilianza kutangaza kwa PAL, wenye mistari 625, mwaka 1967. Televisheni ya Zanzibar, iliyoanza kwa rangi mwaka 1973, ilifuata PAL. Sahani ya NTSC ikichezwa kwenye luninga ya PAL isiyoujua mfumo huo, picha huja bila rangi au hupanda na kushuka.

Sababu ya tatu ndiyo ubovu wenyewe: mikwaruzo, uchafu, au jicho la deki lililochoka.

Dalili basi hutofautiana. Sahani ikikataliwa tangu mwanzo na maandishi yakataja namba, imefungwa. Picha ikija nyeusi na nyeupe, mifumo imepishana. Picha ikiganda kila mara mahali pale pale, hapo ndipo tuseme sahani ni mbovu.

Sasa tuitazame istilahi. Mfasiri wa kitabu cha maelezo ya deki hushawishika kuandika "kanda ya 5", kwa kuwa wingi wa ukanda ni kanda. Lakini kanda ni pia ule utepe wa kurekodia, na msomaji aliyezoea kanda za video atafikiri anaambiwa habari za mkanda wa tano. Mkoa nao ni neno la utawala. Twapendekeza namba ya eneo kwa ile alama ya kibiashara, na mfumo wa rangi kwa PAL na NTSC. Aidha, sahani iliyorekodiwa nyumbani isipomaliziwa vizuri hukataa kucheza katika deki nyingine. Hiyo tuiite sahani isiyokamilishwa, wala tusiseme "haikufungwa", kwa maana kufungwa tumekwisha kukupa kazi nyingine.

Huenda msomaji akauliza: kuna haja gani ya kuyashughulikia haya, hali filamu nyingi siku hizi hutazamwa kwa njia ya intaneti? Haja ipo. Maktaba na shule bado zina sahani hizo, na kufuli lenyewe halikufa pamoja na sahani: hata leo filamu iliyo wazi London yaweza kuwa imefungwa Dodoma. Mwalimu anayejua kutenganisha kilichofungwa na kilichoharibika atauliza swali lililo sahihi kabla ya kutupa kitu au kulipa fundi. Kumpa maneno ya kuulizia swali hilo ni wajibu wetu sisi tushughulikao na istilahi.